Laptopu inazima kabla haijawaka vizuri: uikarabati, uirudishe upya, upige Windows au umpelekee fundi?

Unabonyeza kitufe, nembo inatokea, viduara vinazunguka, kisha kioo kinageuka bluu na mashine inaanza upya. Inarudia hivyo mpaka unakata tamaa. Ukiomba ushauri, mmoja atakwambia "piga Windows tu", yaani uisakinishe upya, mwingine atakutuma kwa fundi, na wa tatu ataapa kwamba kuna njia ya kuirudisha upya bila kupoteza kitu. Wote wanaweza kuwa sahihi, ila si kwa mashine ileile.

Ninazozilenga hapa ni laptopu za Windows 10 na 11, hasa zile zilizomaliza kazi maofisini ughaibuni zikaingia maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue: EliteBook za HP, Latitude za Dell, ThinkPad za Lenovo. Mashine ni imara, lakini zimeshatumika, na umri wake una sehemu kubwa katika hadithi hii.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale: inatibu tatizo gani hasa, mafaili yako yatabaki salama au la, itakula muda na bando kiasi gani, na inadai ujuzi na vifaa gani. Mwisho wa kila njia nimesema inamfaa nani. Mafaili nimeyapa uzito kuliko vyote. Windows unaipakua bure kwenye tovuti ya Microsoft wakati wowote. Tasnifu iliyobakiza sura moja hakuna pa kuipakua.

Kabla ya kuchagua: inafia wapi?

Hapa ndipo watu wengi hupitiliza, na ndipo uamuzi ulipo. Kuwaka kuna hatua mbili. Kwanza ni mashine yenyewe: BIOS, programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows, inaamka, inakagua RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), inatafuta diski. Hapo unaona nembo ya kampuni peke yake. Baadaye Windows inashika usukani, na dalili yake ni vile viduara vinavyozunguka. Laptopu inayozima kabla ya viduara, inayotoa milio, au HP inayokonyeza taa ya Caps Lock, haijafika hata mlangoni kwa Windows. Ukiipiga Windows mara kumi, itazima mara kumi.

Chomoa kwanza kila kitu: flashi, kipanya, kebo ya HDMI, kadi ya kumbukumbu. Kisha fanya jaribio moja lisilogharimu kitu. Washa huku ukigonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad mpaka uingie BIOS. Iache hapo kama dakika 20 ikiwa kwenye chaji. Ikizima yenyewe ukiwa hujagusa kitu, Windows usiilaumu. Fikiria joto, chaji, betri, RAM au ubao mama. Ikitulia tuli, uwezekano wa tatizo kuwa kwenye diski au Windows unapanda sana.

Ukiwa humohumo, tazama tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya ubao mama, mara nyingi CR2032, imekwisha, na huenda mipangilio ya BIOS imerudi ilivyotoka kiwandani. Kuna kisa kimoja cha Dell Latitude kinachostahili kuelezwa kwa urefu. Nyingi kati yake hutoka kiwandani mpangilio wa diski ukiwa "RAID On". Aliyeiandaa kwa ajili ya kuuza aliubadilisha kuwa "AHCI", namna nyingine ya mashine kuwasiliana na diski, akapiga Windows, mambo yakaenda vizuri. Siku betri ile inapokufa, mpangilio unarudi RAID, Windows inashindwa kuiona diski yake, na kioo kinaandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Tiba ni kubadilisha neno moja kwenye menyu ya "SATA Operation" na kununua betri mpya. Anayekimbilia kupiga Windows anaweza kabisa kufanikiwa kuiwasha, ila atakuwa amefuta kila kitu kwa ajili ya betri ya ukubwa wa sarafu.

Kioo cha bluu kipige picha na simu kabla hakijapotea. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 kioo hicho ni cheusi, lakini maneno ni yaleyale. UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME inaelekeza kwenye diski au mpangilio wa mafaili yake. MEMORY_MANAGEMENT inatia shaka RAM. CRITICAL_PROCESS_DIED ni pana: sasisho lililoharibika, draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa), hata diski inayochoka. Na ukiona HP imeandika "Hard Disk 1 (301)", diski yenyewe inakutangazia kifo chake; achana na mengine yote, okoa mafaili.

Njia ya kwanza: kuikarabati Windows iliyopo

Washa, na viduara vikianza kuzunguka shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 mpaka izime. Rudia. Safari ya tatu kwa kawaida Windows yenyewe inaingia kwenye ukarabati. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Humo mna Startup Repair, System Restore, Uninstall Updates, Command Prompt na Startup Settings, ambayo ndiyo lango la Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu.

*Inatibu nini.* Sasisho lililoingia vibaya, draiva mpya, antivairasi iliyogombana na mfumo, mafaili ya kuwashia yaliyovurugika umeme ulipokatika katikati ya kazi. Wengi huanza na Startup Repair, na ikisema imeshindwa, wanaona safari imekwisha. Mimi naipa Safe Mode uzito zaidi, kwa sababu inakupa jibu hata pale isipotibu. Nenda Startup Settings, anzisha upya, bonyeza 4. Ikiwaka humo bila kuzima, basi kiini cha Windows na sehemu kubwa ya vifaa viko sawa. Mkosaji ni kitu kinachopakiwa zaidi ya hapo. Ondoa programu au draiva ya mwisho uliyoweka, anzisha upya, tazama.

Mfano mkubwa wa jambo hili dunia nzima iliuona tarehe 19 Julai 2024. Sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, kwenye mashirika ya ndege, hospitali na benki. Zote zilikuwa zinafia wakati wa kuwaka. Tiba haikuwa kupiga Windows. Ilikuwa kuingia Safe Mode, kufungua folda moja ya draiva na kufuta faili lililoanza na C-00000291. Kazi ya dakika chache kwa mashine moja, ingawa mafundi wa makampuni walilazimika kuzipitia moja baada ya nyingine.

*Mafaili.* Yanabaki. Tahadhari ni moja: amri ya chkdsk, inayokagua na kurekebisha diski. Ni nzuri kwa mpangilio wa mafaili uliovurugika, lakini kwenye diski inayokufa inaichosha zaidi. Ikiwa diski inagonga kwa sauti au imeonya, nakili kwanza.

*Muda na bando.* Saa moja au mbili za kujaribujaribu. Bando, karibu sifuri.

*Ujuzi na vifaa.* Kusoma Kiingereza cha menyu na kutokuwa na haraka. Kizuizi kikubwa ni BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski: ikiwa diski imefungwa, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuifungulia laptopu, na unaweza kuusoma kwa simu. Hapa wanaonunua mashine ambayo "imeshaandaliwa" hupata mshtuko: iliandaliwa kwa barua pepe ya muuzaji, kwa hiyo ufunguo uko kwake. Tunza risiti na namba ya simu ya muuzaji.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye mashine yake ilikuwa nzima mpaka juzi, na anakumbuka nini kilibadilika.

Njia ya pili: kuirudisha upya kwa Reset this PC

Ipo kwenye menyu ileile ya "Troubleshoot". Inakuuliza maswali mawili. La kwanza: ubaki na mafaili, "Keep my files", au ufute vyote. La pili: Windows mpya itoke mtandaoni au ijengwe na mafaili yaliyomo humohumo kwenye mashine.

*Inatibu nini.* Windows iliyooza kwa ndani kiasi kwamba ukarabati haushiki. Virusi vya kawaida pia mara nyingi huondoka. Haitibu diski mbovu wala RAM mbovu. Tena, ikianza juu ya diski mbovu inaweza kukwama katikati ikakuacha na mashine isiyowaka kabisa.

*Mafaili.* Neno "keep" linawadanganya wengi. Nyaraka, picha na vilivyo ndani ya folda za mtumiaji vinabaki. Programu zote ulizoweka mwenyewe zinaondoka: Office, programu ya uhasibu ya dukani, programu za kuchora ramani za nyumba. Kama programu yako ya mauzo inatunza hifadhidata yake nje ya folda zako, usidhani itakuwepo. Ikiwezekana, nakili kabla.

*Muda na bando.* Saa moja mpaka kadhaa, zaidi kwa mashine yenye diski ya kuzunguka. Ukichagua kupakua, tenga zaidi ya GB 4. Ukichagua ya humohumo hulipi bando, lakini kama mafaili hayo ndiyo yaliyoharibika, utarudi ulikotoka.

*Ujuzi na vifaa.* Ndiyo njia nyepesi kuliko zote kuifuata. Hakikisha chaja imechomekwa na umeme una dalili ya kukaa. Ufunguo wa BitLocker unaweza kuhitajika hapa pia.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi au mtu wa ofisi asiye na programu nyingi za pekee, na asiye na kompyuta nyingine ya kutengenezea flashi.

Njia ya tatu: kupiga Windows upya kwa flashi

*Inatibu nini.* Kila kitu kilicho upande wa programu. Pia ni kipimo kizuri: Windows mpya kabisa ikizima vilevile wakati wa kuwaka, huna tena sababu ya kutafuta kosa kwenye programu.

*Mafaili.* Ukifomati, yameondoka. Kwenye diski za zamani za kuzunguka, mtaalamu aliweza kurudisha baadhi. Kwenye SSD, diski za kisasa zisizozunguka, usitegemee hilo, maana SSD husafisha nafasi zilizofutwa yenyewe kwa nyuma. Ukipiga juu ya sehemu ileile bila kuifomati, Windows huweka ya zamani kwenye folda ya Windows.old, ambayo hujifuta baada ya siku 10. Ni faraja ndogo, si mpango.

Mpango wenyewe ni kuokoa kwanza, na kwa hilo Linux, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, ni msaada hata kwa asiyeitaka. Pakua Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, karibu GB 3, iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, washa laptopu kupitia flashi hiyo na uitumie bila kuisakinisha. Fungua diski yako, nakili folda ya "Users" kwenda diski ya nje. Ikiwa Windows haikuzima kikamilifu, Linux inaweza kukuruhusu kusoma tu bila kuandika, na kusoma ndiko unakokuhitaji. Diski yenye BitLocker itadai ule ufunguo. Na Mint yenyewe ikizimazima ikiwa kwenye flashi, umejua: tatizo ni la vifaa.

*Muda na bando.* Faili la Windows 11 lina zaidi ya GB 5. Kusakinisha kwenye SSD hakuchukui muda mrefu. Kinachokula siku ni kurudisha programu, draiva na masasisho.

*Ujuzi na vifaa.* Flashi ya angalau GB 8, kompyuta ya pili, na kujua kitufe cha kuchagulia flashi: Esc kisha F9 kwa HP, F12 kwa Dell na ThinkPad. Ukiulizwa namba ya leseni, ruka. Laptopu iliyowahi kuwa na leseni halali ya kidijitali kwa toleo lilelile hujitambulisha yenyewe ikipata intaneti, kwa hiyo huhitaji zile programu za kuvunja leseni ambazo baadhi ya vibanda huziweka bila kukuuliza. Baadhi ya programu hizo huja na virusi. Jambo moja linalokwamisha watu: kwenye laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 11, kisakinishi kinasema hakuna diski kabisa. Mara nyingi diski ipo. Kinachokosekana ni draiva ya Intel RST, inayomwezesha kisakinishi kuiona diski, ambayo unaipakua kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuiweka kwenye flashi ileile.

Kuna suala la umri pia. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda mbele isipokuwa wachache. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6. Mwenye mashine ya namna hiyo anaweza kuongeza muda wa Windows 10 kwa mpango wa masasisho ya ziada unaofika Oktoba 2026, au kuiacha ile Mint ibaki moja kwa moja. Kwa kuandika, kuvinjari na kutazama video, Mint inatosha. Kwa mwenye programu ya uhasibu ya Windows pekee, haitoshi.

*Inamfaa nani.* Mwenye nakala ya mafaili mkononi, au anayejua kuyatoa, na anayetaka mashine safi.

Njia ya nne: kwa fundi

*Inatibu nini.* Yale ambayo njia tatu za juu haziwezi: RAM iliyolegea, feni iliyojaa vumbi, gundi ya joto iliyokauka, diski ya kubadilisha, mfumo wa chaji, ubao mama. Baadhi unaweza mwenyewe kama una bisibisi na umetoa betri kwanza. Laptopu yenye RAM mbili, toa moja, washa, kisha badilisha. Mara nyingi mkosaji hujionyesha hapo.

*Mafaili.* Inategemea fundi, na inategemea zaidi ulichomwambia. Baadhi ya mafundi hupiga Windows kwanza kwa sababu ni kazi wanayoijua na mteja huona matokeo. Usimkabidhi mashine na kuondoka. Mwambie wazi: "Fundi, inafia kwenye viduara, Safe Mode imekataa, kwenye BIOS inatulia. Kuna mafaili humu. Usifomati kabla hujanipigia." Fundi mzuri hatachukia, utakuwa umempunguzia kazi. Kama kuna picha au nyaraka za siri, uliza kama diski inaweza kutolewa ukabaki nayo wakati anashughulikia ubao mama.

*Muda na bando.* Bando huna haja nalo. Muda ni siku moja mpaka wiki, kutegemea kipuri. Kubaliana bei ya uchunguzi pekee, tofauti na ya matengenezo, na kipuri kilichobadilishwa uonyeshwe.

*Ujuzi na vifaa.* Ujuzi unaohitaji ni wa kuuliza. "Umepimaje?" ni swali la haki. Anayesema ubao mama umekufa bila hata kujaribu RAM nyingine, mshukuru, chukua mashine yako, nenda kibanda kingine.

*Inamfaa nani.* Yeyote ambaye laptopu yake inazima ndani ya BIOS, inalia milio, inachemka, au ilimwagikiwa chai. Hiyo ya chai usiiwashe hata "kujaribu tu". Chomoa chaja na uende hivyohivyo.

Kwa hali yako

Ilianza baada ya sasisho au programu mpya, na mafaili ni muhimu: anza na ukarabati, Safe Mode na Uninstall Updates. Usiku mmoja unatosha kujua kama inashika.

Ukarabati umekataa, huna kompyuta ya pili, programu zako ni chache: Reset yenye "Keep my files". Kama bando ni la kubana, jaribu ya humohumo kwanza.

Una kazi ya kuwasilisha kesho asubuhi: usitengeneze chochote usiku huu. Azima kompyuta, tengeneza flashi ya Mint, toa faili lako, malizia kazi. Matengenezo ni ya wikendi.

Ni kompyuta ya duka yenye programu ya mauzo: usiguse Reset wala kupiga upya kabla aliyekuwekea programu hajakuonyesha hifadhidata inakaa wapi. Ukarabati mwenyewe sawa, zaidi ya hapo mshirikishe.

Diski imetoa onyo au inagonga: acha kuiwasha mara kwa mara. Nakili kwa Linux ikiwa inasomeka, au itolewe iwekwe kwenye kasha la USB. Kisha SSD mpya na Windows mpya, kwako mwenyewe au kwa fundi.

Ni mashine ya mwajiri: funguo za BitLocker huwa ziko kwa idara ya TEHAMA, na huenda mafaili si yako kisheria. Wapigie wao.

Umeinunua mwezi uliopita na duka limekupa warantii: usifungue skrubu hata moja, wala usifomati. Piga video inavyozima, ingia BIOS uonyeshe tarehe na namba ya mashine, uirudishe na risiti.